Tumbo la Thelathini

Jumatatu, 4 Novemba

Siamini. Mji mzima wa Andong umekosa tumbo zima!

Profesa Seonu, mkuu wa maabara yetu hospitalini, anataka vipande vya matumbo ya aina nne: mazima, yaliyovimba kwa ndani, yaliyoanza kubadilika kuelekea saratani, na yenye saratani yenyewe. Thelathini kila aina. Kipande kinakatwa chembamba, kinatiwa dawa, na protini tunayoitafuta ikiwemo inageuka rangi ya kahawia. Protini hiyo ni ya utumbo. Tumboni haina kazi. Ikionekana tumboni, ujue tumbo limeanza kujisahau na kujifanya utumbo, na hapo mambo yanaelekea pabaya.

Tulipogawana kazi nilipiga kelele nipewe mazima. Nilijua ndiyo rahisi. Saratani nikamwachia Eom Tae-seop, mdogo wangu kwa umri, mkubwa wangu kwa cheo, anayeniita "kaka" kwa sauti ya kunichoma. Leo Eom ametangaza amemaliza. Mimi nimekwama kwenye ishirini na tisa. Kila aliyevuka arobaini hapa tumbo lake limewaka. Chumvi, pilipili, pombe ya soju! Profesa amesema nisipopata la mwisho wiki hii, Eom atakwenda peke yake kwenye mkutano wa Busan. Eom kaniuliza mbele ya watu kama anitafutie tumbo sokoni. Wote wakacheka. Hata Profesa.

Jumanne, 5 Novemba

Nimelipata! Langu mwenyewe. Mimi Pyo Gyeong-cheol sijaumwa tumbo tangu jeshini.

Tatizo: wafanyakazi wa maabara hawaruhusiwi kutoa vipande vyao wenyewe. Dawa: Ma Dong-hwan, mdogo wa mke wangu, muuza vibua vya chumvi. Nimemwomba kitambulisho, nikamwambia kuna punguzo la simu. Kanipa papo hapo, na vibua viwili juu yake. Akasema, "Shemeji, una roho nzuri wewe." Niliona aibu kidogo. Vibua vilikuwa vitamu sana.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemeza kamera ya kuchungulia tumbo bila dawa ya usingizi. Nusura nife! Lakini dawa ile huwafanya watu waropoke. Mhasibu wetu mwaka jana alilala nayo akamtongoza mke wa mkurugenzi, kwa jina kamili. Sikutaka hatari hiyo.

Huko juu ghorofani hakuna anayenijua. Sisi wa maabara tunaishi chini na hawatujui sura. Muuguzi alikuwa akisema, "Bwana Ma, pumua kwa pua! Bwana Ma!" Nikawa nawaza huyo Ma mbona mkaidi hivi, kisha nikakumbuka ni mimi. Daktari kaona wekundu kidogo tu, akachomoa vipande vitatu. Busan, nakuja!

Jumatatu, 11 Novemba

Kahawia! Kahawia!

Vipande vyangu viwili ni visafi. Cha tatu, cha sehemu ya chini ya tumbo, kahawia tupu. Katikati ya ukahawia kuna doa dogo ambalo seli zake zimesongamana vibaya, kama zinagombania mlango. Nimeyaona hayo kwa miaka kwenye matumbo ya wengine, na chakula changu nikala. Leo nilifuta lenzi mara tatu. Profesa akanisogeza, akachungulia. Kisha akasema hii si saratani bado, ila imeshafika kizingitini. Ikikatwa sasa kwa kamera, mtu anarudi nyumbani kwake. Ikiachwa, asiulizwe mtu.

Akauliza ni nani. Eom akasoma jina: Ma Dong-hwan. "Kaka, huyu si shemeji yako?" Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kunichoma. Profesa akachukua simu, akampigia mwenyewe. Nilisimama pale nikimtazama akibonyeza namba.

Jumanne, 12 Novemba

Nyumba imekuwa msiba. Mke wangu Hye-ran analia. Mama mkwe amefika na basi la asubuhi, mfuko umejaa konokono wa baharini wa kupikia uji. Dong-hwan anaapa hajawahi kumeza kamera maishani. Nikamwambia alikuja hospitali siku ile alipokuwa amelewa, nikampeleka mwenyewe kwa mkono. Akafikiri. Akakumbuka! Kakumbuka hadi uzuri wa muuguzi!

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikaona uso wa mama mkwe. Nikaona kazi yangu inaota mabawa. Nikaufunga.

Alhamisi, 14 Novemba

Mpango mpya. Nimechukua ruhusa, nimekwenda zahanati moja ya Daegu kwa jina langu halisi, nimemeza kamera tena, bila dawa tena. Watalikuta doa lenyewe, watalikata, Dong-hwan atakutwa mzima, na hakuna atakayejua kitu. Nilijisifu njia nzima.

Daktari kaona wekundu kidogo tu! Nikamwashiria kwa kidole atazame chini. Akachomoa mpira wake, akaniuliza kama mimi ndiye daktari. Kanipa karatasi ya kurudi baada ya miaka miwili. Miaka miwili! Kwenye treni nilisimama nimeshika tumbo, na mwanamke mmoja akaniachia kiti.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya kutengeneza kimchi, achari ya kabichi ya msimu wa baridi. Familia nzima kwa mama mkwe, kabichi zimejaa ua. Dong-hwan kakalishwa ndani kwenye sakafu yenye joto, mto mgongoni, dada yake anamlisha nyama ya nguruwe ya kuchemsha kwa mkono. Mimi, mgonjwa wa kweli, nimeinama uani kwenye baridi natia kabichi chumvi. Mama mkwe kapita akaniambia, "Mkwe wangu, mshukuru Mungu, wewe una tumbo la ng'ombe. Ongeza chumvi hapo."

Nikalia. Sikuweza kujizuia, machozi yaliingia kwenye kabichi. Hye-ran akaja akachuchumaa pembeni yangu, akanishika mkono uliojaa chumvi. Kaniambia, "Baba Su-bin, sikujua unampenda hivi mdogo wangu." Hajanishika mkono hivyo tangu mtoto wetu Su-bin azaliwe. Naogopa kufa. Naandika wazi kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumatano, 20 Novemba

Dong-hwan kaingizwa leo kukatwa doa. Wametafuta juu, chini, kila kunjo. Hakuna kitu! Tumbo safi, limetakata, la waridi kama la mtoto mchanga. Mtu anayekula vibua vya chumvi asubuhi na kunywa soju jioni! Nimeduwaa. Mama mkwe amewatangazia wauguzi wote kwamba ni uji wake.

Lakini Profesa hakufurahi. Karudi maabara uso umepauka. Kasema kama doa si la huyu, basi kipande kimechanganyika, na mwenye doa anatembea huko nje hajui. Hakula mchana. Anataka kuwapima wote, akianzia kwetu tulio karibu: Ijumaa kila mtu wa maabara atameza kamera, kwa dawa ya usingizi, ili atafute mwenyewe bila haraka. Eom kaanza kujishika tumbo. "Kaka," kaninong'oneza, "kama ni mimi je?" Ningeweza kumtuliza kwa neno moja. Nilimpa peremende.

Alhamisi, 21 Novemba

Mbinu: nikariri jedwali la kuzidisha siku nzima, ili nikiropoka niropoke hilo. Saba mara nane hamsini na sita. Hye-ran kauliza kama nina homa.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeamka. Profesa kasema limepatikana doa, nyuma ya kunjo, mahali pa kupitwa kwa urahisi. Amelikata lote. Limekwisha! Nikamuuliza muuguzi kama nilisema chochote. Akatazama dari.

Eom ndiye kanieleza. Nilianza vizuri, saba mara nane, ila jibu langu lilikuwa "Dong-hwan". Baada ya hapo mlango ukafunguka. Kitambulisho. Punguzo la simu. Vibua. Daegu. Na kwamba ni mimi ninayeficha ndara za Eom za ofisini tangu majira ya kuchipua. Hapo, anasema, wote walikuwa wanashikilia mbavu. Kisha nikaanza kumwita mama yangu, nikaomba wasiniache nife, na kicheko kikaisha. Eom kanifunika blanketi. Macho yake yalikuwa mekundu. Kasema ni harufu ya dawa.

Dong-hwan alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

Jumatatu, 25 Novemba

Hukumu: nimetolewa kwenye utafiti. Nitaosha vioo vya hadubini mpaka Profesa atakaponisamehe, na hakusema lini. Jina la Dong-hwan limefutwa, na langu pia. Nakunywa vidonge vya kuua vijidudu vya tumbo. Chumvi marufuku, soju marufuku, vibua marufuku kabisa.

Hye-ran haongei nami. Anapika uji, anaubwaga mbele yangu, anaondoka. Lakini anasimama nyuma ya mlango mpaka niumalize, naona kivuli cha miguu yake.

Dong-hwan amekuja. Nilidhani atanipiga. Alikaa, akasema wiki ile alikuwa ameshamwandikia dada yake urithi wa duka, na alikuwa amemfundisha mama kuwasha jiko jipya, maana akifa hapakuwa na mwingine wa kumwashia. Nilitaka sakafu inimeze. Akanipiga bega. "Shemeji, mimi nimenenepa kwa ugonjwa wako, wewe umekonda. Basi yaishe." Nikaapa mbele yake kwamba nimekoma. Nililia tena. Niliapa kwa dhati kabisa.

Ijumaa, 29 Novemba

Habari kubwa! Eom amekabidhiwa matumbo mazima, na amekwama kwenye ishirini na tisa! Mji mzima katafuta, hana kitu. Leo kaniuliza, bila "kaka", kama najua mtu.

Najua. Tumbo moja tu safi Andong nzima, na ni la shemeji yangu. Lakini jina lake limeshafutwa, halirudi tena kwenye orodha. Kwa hiyo tumbo lile linahitaji jina jingine, la mtu mwenye umri kama wake, asiyezoeleka sura huko juu. Eom mwenyewe! Miaka ni ile ile. Kwamba wa maabara hawaruhusiwi, hilo nitalifikiria Jumapili. Ndara zake ninazo bado, na ndani ya kabati lake, ambalo halifungi vizuri, kuna kitambulisho.

Nimempigia Dong-hwan. Nimemwambia hospitali inatoa zawadi kwa wenye matumbo mazuri. Kafurahi sana, anakuja Jumatatu. Kauliza aniletee nini. Nimemwambia vibua viwili, visioshwe chumvi.