Jibu Ndiyo Bila Wasiwasi

Jumatatu, 3 Agosti

Likizo imeanza vizuri kupita matarajio yangu. Huenda nikawa mtu mashuhuri!

Nieleze kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Shangazi, ambaye nakaa kwake likizo hii, ni mtunzaji wa mfumo wa mafaili. Si mfumo wa kawaida. Huu unaziwezesha kompyuta kadhaa kutumia diski moja kwa pamoja bila kuharibiana kazi. Unakaa ndani ya kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiendesha kompyuta. Miaka tisa Shangazi anaziba nyufa zake. Mshahara hana, asante hapati.

Leo imekuja barua pepe kutoka kwa wakuu wa kiini. Mfumo wowote usio na maelezo ya kueleweka utaondolewa. Mwisho ni Jumamosi, saa sita mchana. Na maelezo ya Shangazi yako sehemu mbili tu: kichwani mwake, na kwenye daftari lenye madoa ya chai. Alisoma barua ile mara tatu, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ametuomba mimi na binti yake tuyaandike. Majina ya waandishi yataingia kwenye kiini na kubaki humo daima. Daima! Chakula kilinishinda.

Huyo binti yake tunamwita Mkaguzi, maana hata chumvi huionja kabla ya kuamini kwamba ni chumvi. Amenizidi miezi mitano, anajiona amenizidi karne.

Nimeandika utangulizi. Kurasa tatu, juu ya umuhimu wa ushirikiano tangu enzi za kale. Mkaguzi akasema msomaji anataka kujua mfumo unawashwaje, mimi nampa hotuba ya arusi. Wivu.

Nimepewa pia jukumu la kuhifadhi nakala ya akiba ya maelezo kila jioni. Nimehifadhi. Nimeiweka kwenye diski hiyohiyo, jirani na faili lenyewe, isije ikatafutwa mbali.

Jumanne, 4 Agosti

Siku ya hila. Hila ilikuwa nzuri. Siku ndiyo iliyoharibika.

Sebuleni kuna meza ya cherehani isiyo na cherehani. Juu yake zimepangwa kompyuta tatu kuukuu: Kobe, ambaye ni mzito, Kinanda, ambaye feni yake hupiga kelele, na Bubu, ambaye spika zake zilikufa. Diski wanayoshirikiana iko chini ya meza, ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu ya hewa.

Sheria ya mfumo ni hii: anayetaka kuandika kwenye faili anaomba kufuli. Akishalishika, wengine wanasubiri. Basi nikaamka kabla ya Mkaguzi, nikaketi kwa Bubu, nikalishika kufuli la maelezo yetu. Nikaandika mpaka saa nne. Mkaguzi yuko kwenye Kobe, anaambiwa subiri. Anasubiri. Nikamkumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Akasema ngoja nitoke, atanilisha mbichi.

Mara Bibi, mama yake Shangazi, akaniita nikamsaidie kuanua nguo. Nikaingiwa na hofu. Mkaguzi anaweza kunifanyia ujanja kupitia mtandao! Nikachomoa kebo ya mtandao ya Bubu, nikaitia mfukoni. Nani mjanja?

Kuna jambo sikulijua. Kila mashine huwaambia wenzake kila sekunde: nipo, nipo. Ikinyamaza nusu dakika, wenzake huihesabu imekufa. Huikatia umeme, isije ikazinduka na kuvuruga diski, kisha hurithi kufuli zake. Nilikuwa bado nakunja shuka la kwanza nilipousikia mlio kutoka sebuleni. Tak! Bubu kazikwa. Kazi ya saa tatu, na sikuwa nimehifadhi hata nukta.

Shangazi alikuja mbio, akatazama, akapiga makofi. Hakuwahi kuiona sehemu ile ya mfumo ikifanya kazi kwa ustadi namna ile! Kisha akauliza nani aliyechomoa kebo. Nikasema labda panya. Akaniomba nimtoe panya huyo mfukoni, mkia unaning'inia.

Mkaguzi alicheka mpaka akakaa chini.

Nakala ya jioni: nimehifadhi, palepale.

Jumatano, 5 Agosti

Shangazi amenipa sura ya mashine iliyonyamaza. Anasema mimi ndiye pekee nyumbani mwenye uzoefu.

Nimeiandika vizuri. Sijisifu. Mkaguzi aliisoma, akaishia kufuta alama za mshangao kumi na moja.

Hatua ya saba ilitugombanisha. Hiyo ni ya kuandaa diski mpya, na kuandaa maana yake ni kufuta kila kilichomo. Niliinakili amri kutoka kwenye daftari la Shangazi, pamoja na jina la diski. Mkaguzi akasema lile ni jina la diski yetu halisi, niweke la kubuni. Nikamjibu kwamba mwalimu wetu wa insha husema mfano mzuri ni mfano wa kweli. Akasema mwalimu wetu wa insha hana diski. Nikakubali kubadilisha, ili yaishe.

Sikubadilisha. Nilikuwa nahesabu mistari. Mimi nilikuwa na mia mbili na tisa, yeye mia mbili na kumi na nne! Nikaongeza mistari sita ya kumtia moyo msomaji. Mmojawapo unasema: "Mashine itakuuliza kama una hakika. Jibu ndiyo bila wasiwasi."

Mia mbili na kumi na tano. Nimekula chakula chote.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo sina cha kujisifia.

Shangazi ana kanuni yake. Maelezo hayajakamilika mpaka asiyejua kitu ayafuate neno kwa neno, huku waandishi wamekaa nyuma yake, wamekalia mikono yao, kimya. Atakayesema neno jina lake linafutwa. Anasema kitabu hakitakuwa na mwandishi wa kumnong'oneza kila msomaji.

Asiyejua kitu alikuwa Bibi. Alifurahi sana kuitwa. Mkaguzi alimchapia maelezo kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Diski ya majaribio, tupu, ikaunganishwa ndani ya boksi la pili la viatu. Shangazi akakaa pembeni na kalamu, akiutazama uso wa Bibi ili aandike kila anapokunja kipaji.

Bibi akaanza, kwa kidole kimoja. Akaruka utangulizi wangu wote. Akasema hotuba ataisoma akiwa na nafasi. Hatua ya kwanza, sawa. Ya tatu, sawa. Ya sita, ya kuitoa diski kwenye matumizi, sawa kabisa. Nikaona fahari. Kisha nikamwona anaandika jina la diski kwenye hatua ya saba, herufi baada ya herufi.

Lilikuwa jina la diski yetu. Yenye maelezo yetu. Na nakala zake zote!

Nikakohoa. Bibi akaniambia nikanywe maji, mke mwenza. Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Shangazi akanikazia macho. Nikajiuliza: jina langu, au miaka tisa ya Shangazi? Kwa aibu naandika kwamba nilijiuliza muda mrefu kidogo. Mashine ikauliza kama ana hakika. Bibi akainua kidole, akasita. Hapo nikaamua. Jina na liende! Nikaruka, nikapiga ukelele asibonyeze.

Bibi akashtuka. Kidole kikaangukia ndiyo.

Baadaye alituambia kwamba alikuwa karibu kukataa. Mashine ikimuuliza mtu mara mbili, yeye huona kuna jambo. Ila ule ukelele ulimtoa roho.

Shangazi akaniuliza nakala ziko wapi. Nikamwonyesha boksi la viatu. La kwanza. Hakugomba. Angegomba ningejisikia nafuu. Aliketi tu akilitazama lile daftari la madoa ya chai, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemwomba Shangazi msamaha kabla ya chai. Akaniambia kwamba aliyeiacha diski yetu halisi imeunganishwa na mashine ya majaribio ni yeye, kwa hiyo tugawane. Nikalia kuliko jana.

Kisha Mkaguzi akapaza sauti: karatasi za Bibi! Maelezo yote yalikuwa yamechapwa!

Tukakimbilia jikoni. Bibi alikuwa amezihifadhi vizuri, zimekunjwa ndani ya sufuria kubwa. Zote. Isipokuwa kurasa tatu za mwanzo, ambazo aliwashia mkaa asubuhi. Akasema zilikuwa kavu kuliko nyingine.

Mkaguzi aliziba mdomo kwa kiganja. Alinitazama tu, mabega yakimcheza.

Tumechapa upya mchana kutwa, yeye akisoma, mimi nikiandika. Safari hii diski ya mfano ina jina la kubuni, na ule mstari wa bila wasiwasi umeondoka. Tulipofika sura ya mashine iliyonyamaza, Mkaguzi akaisoma polepole, akasema hii ndiyo bora kuliko zote. Nikamwomba arudie. Akakataa.

Jumamosi, 8 Agosti

Saa tano na nusu Shangazi akatuma. Saa sita kasoro dakika nne likaja jibu: yamepokelewa! Mfumo unabaki. Mkuu mmoja ameandika kwamba hajawahi kusoma maelezo ya mashine iliyonyamaza yaliyojaa uchungu wa kweli namna ile.

Majina yamewekwa chini. Mwandishi: Mkaguzi. Mjaribu: Bibi. Mimi nilisema neno, na kanuni ni kanuni. Lakini Shangazi aliongeza mstari wa mwisho: aliyegundua na kuripoti hitilafu. Hapo kuna jina langu, kamili, hadi la baba.

Limo ndani ya kiini. Daima! Nimeenda kulitazama mara saba.

Jumapili, 9 Agosti

Wakuu wanataka sura ya pili kufikia mwisho wa mwezi. Inahusu kuongeza mashine ya nne. Shangazi atatangaza kesho nani aiandike.

Nimekwisha anza. Utangulizi una kurasa nne, na ni mzuri kuliko ule ulioungua. Bubu nimemkalia tangu alfajiri. Kebo nimeiacha mahali pake, nimechukua ya Kobe.

Kuhusu nakala, sitarudia uzembe. Nimetengeneza tatu. Nimeziweka pamoja, zote kwenye diski ileile, zisije zikapotezana.