Tepe ya Nne

Jumatatu, 4 Machi

Leo Rubani Mkuu kaniita ofisini. Kanikaribisha kiti! Kwa kawaida sisi marubani wasaidizi tunazungumza naye tukiwa mlangoni, kama watu waliokuja kusoma mita ya maji. Akaniuliza hali ya mke wangu. Akauliza watoto. Kisha akauliza habari za shemeji, na hapo nikajua nimeitiwa nini.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, rubani msaidizi kama mimi. Mwezi uliopita alikataa kuruka safari ya tatu ndani ya siku moja. Alisema amechoka. Abiria wakalala kwenye viti vya uwanja, kampuni ikamsimamisha kazi. Badala ya kwenda kuomba radhi kama mtu mwenye akili, anazunguka nyumba hadi nyumba kuwashawishi marubani wajiunge na chama cha wafanyakazi. Kura ni Jumapili.

Rubani Mkuu akasema kampuni haina ubaya na mtu, inataka tu kujua nani anasema nini. Akaongeza, macho yakiwa dirishani, kwamba kiti cha kushoto huwa kinapatikana wakati mtu hatarajii.

Kiti cha kushoto ni cha kapteni. Mimi nimekaa cha kulia mpaka kimechukua umbo langu. Vijana niliowafundisha kufunga tai leo ni makapteni, tepe nne begani, wananiita "mzee" kwa heshima ambayo sikuiomba. Halafu kuna suala la chakula. Sheria inakataza marubani wawili wa ndege moja kula chakula cha aina moja, ili kikiwa kibovu kisituangushe wote. Kapteni anachagua kwanza. Na makapteni wote wa kampuni hii wanapenda kuku. Nimekula samaki wa kampuni mpaka nikimwona samaki sokoni nageuza uso.

Mpango: najiunga na chama, na wakati huohuo naisaidia kampuni. Atakayeshinda atanikuta niko kwake.

Jumanne, 5 Machi

Mkutano sebuleni kwa shemeji. Watu wamejaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Nilifika wa kwanza, nikapanga viti. Niliunga mkono kila hoja, nyingine kabla hazijamaliza kusemwa.

Shemeji akaeleza kwa nini alifika mahali pa kukataa kuruka. Safari moja alisinzia angani. Aliposhtuka akamgeukia kapteni wake, akamkuta naye amelala, mdomo wazi. Ndege imejaa watu, wengine na watoto mapajani, na mbele hakuna macho hata mawili. Mtu akauliza ni kapteni gani. Shemeji akasema jina hatalitaja wala siku hataitaja, maana kwa ratiba zetu angeweza kuwa yeyote kati yetu.

Tuseme ukweli, hata mimi nasinzia. Nani hasinzii? Ila siitishi mkutano.

Makapteni wengi bado wanasitasita, wanamsubiri mmoja tu: kapteni mzee kuliko wote, tunayemwita Futi Elfu Kumi. Akisema ndiyo, watasema ndiyo. Shemeji akakumbuka kwamba Alhamisi naruka naye. Akaniomba nimvute. Nikaweka mkono kifuani, nikamwambia asiwe na shaka na mimi.

Nilipofika garini nikampigia Rubani Mkuu, nikampa majina ya wote waliokuwemo. Naye akakumbuka kwamba Alhamisi naruka na mzee. Akaniomba nimzuie.

Kazi moja, mabwana wawili. Hatimaye kuna watu wanaonihitaji.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya mapumziko. Nimepita kwa fundi cherehani kuchukuliwa vipimo vya shati jeupe, mabega yenye tepe nne. Akalimaliza palepale nikisubiri. Akanipongeza kwa kupanda cheo. Nikasema asante. Si uongo, ni mapema tu.

Jioni nimekaa upande wa kushoto wa kochi ili mwili uzoee. Mke wangu akauliza nimepatwa na nini, hapo ni mahali pake tangu tuoane. Nikamwambia mwanamume anaweza kubadilisha mtazamo. Akanitazama kama anayetafuta homa. Shati nimelificha nyuma ya masanduku.

Alhamisi, 7 Machi

Nieleze jina la mzee. Chini ya futi elfu kumi marubani haturuhusiwi kuzungumza lolote lisilohusu kazi. Kwake yeye sheria hiyo inapanda pamoja na ndege. Tukiwa juu kabisa bado yuko kimya.

Wakati wa kwenda nikaanza na upande wa shemeji, kwa kuwa ni ndugu. Nikasema chama kitatulinda. Akaniambia nikague mafuta. Wakati wa kurudi nikaleta upande wa kampuni. Nikasema vyama vimeua kampuni nyingi. Akanigeukia polepole.

"Asubuhi ulisema vingine."

Nikamjibu kwamba natafakari. Akachukua kuku.

Nilidhani yameishia hapo. Tulipofika maegesho ya magari akasimama, begi mkononi, na akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Kapteni aliyelala siku ile ni yeye. Alikuwa ameamka saa tisa usiku siku ya nne mfululizo. Shemeji angeweza kujiokoa kwa kumtaja, na hajamtaja. Akasema hana usingizi tangu hapo, na kwamba Jumapili atasimama mbele ya wote aseme "ni mimi," kisha apige kura ya ndiyo. Ameniambia mimi peke yangu, kwa sababu mimi ni familia ya yule kijana. Macho yalikuwa yamelowa. Nikamshika bega, lile lenye tepe nne.

Nimekaa garini muda mrefu. Naandika ukweli: roho iliniuma. Nilitamani asingeniambia. Kisha nikawafikiria abiria. Kapteni anayelala ni hatari kwa abiria, na mtu mwenye dhamiri hawezi kunyamaza jambo kama hilo. Nikampigia Rubani Mkuu.

Ijumaa, 8 Machi

Wamemwita mzee asubuhi. Wakamuuliza, hakukana. Wakampa njia mbili: astaafu leo kimyakimya bila kukanyaga mkutano wa Jumapili, au afukuzwe bila kiinua mgongo. Ametoka na begi lake na kofia. Wahudumu wa ndege walisimama kwenye korido mpaka akapita.

Basi kiti cha kushoto kimoja kiko wazi. Nimepita karibu na ofisi ya Rubani Mkuu mara kadhaa, nikijifanya natafuta choo. Mara ya mwisho akanikonyeza na kuniambia nivute subira.

Nyumbani nimemkuta mke wangu analia kwenye simu na kaka yake. Akaniuliza ni mtu wa namna gani anaweza kumfanyia mzee vile. Nikamwambia dunia imejaa watu wenye roho mbaya. Nilisema kwa uchungu hata mimi mwenyewe nikasikitika.

Jumapili, 10 Machi

Kura imepigwa kwenye ukumbi wa hoteli karibu na uwanja. Siri, karatasi zimekunjwa. Wengi niliowataja kwa Rubani Mkuu walikuwa wamepangiwa safari leo, wengine safari ambazo jana hazikuwepo. Nikasikitika nao kwa simu.

Chama kimeshindwa kwa kura moja. Ukumbi mzima ukasema hiyo ni kura ya mzee. Hakuna aliyefikiria kura nyingine yoyote, na mimi sikuwa na sababu ya kuwachosha kwa hesabu.

Shemeji hakulaumu mtu. Akawashukuru, akaanza kukunja viti. Nikamsaidia. Shingo yake imekonda. Ana watoto watatu na sasa hana kazi wala chama. Nikawaza kwamba nikishakuwa kapteni nitamsaidia kwa kila hali, labda hata nimtafutie kazi ya mizigo.

Nilipofika nyumbani, shati langu lilikuwa limetundikwa mlangoni mwa kabati. Mke wangu alikuwa akitafuta sanduku la dada yake. Akauliza shati ni la nani. Nikasema nilitaka kumshtua kwa furaha, kiti cha mzee karibu kinakuwa changu. Akauliza lilishonwa lini. Nikasema Jumatano.

"Jumatano mzee alikuwa bado anaruka," akasema.

Nikaeleza kwamba mtu makini hujiandaa mapema. Kachukua mto wake, kaenda kulala chumba cha watoto. Wivu, nadhani. Cheo cha mume huwapa wengine shida mwanzoni.

Jumatano, 13 Machi

Tangazo limebandikwa. Shemeji amerudishwa kazini. Shemeji amepandishwa kuwa kapteni!

Nilisoma mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikaenda ofisini kwa Rubani Mkuu. Safari hii tulizungumza mlangoni. Akasema vijana wana hasira, wakiachwa hivi wataitisha kura nyingine, kwa hiyo inabidi kumtuliza anayewasha moto. Nikamkumbusha mambo yangu yote, kwa sauti ya chini. Akanisikiliza vizuri, kisha akauliza, bila ubaya wowote:

"Wewe si uko upande wetu tayari? Sasa tukupe cheo cha nini?"

Nimejifungia choo cha wafanyakazi nikalia. Nililia kama mtoto, nikinawa uso na kuanza tena.

Nasikia shemeji alitaka kukataa, ila mzee alimfuata nyumbani akamwambia akubali. Alisema ni afadhali kiti chake akalie yeye kuliko mtu fulani. Sijui alimaanisha nani. Mke wangu naye kampelekea kaka yake zawadi ya pongezi iliyofungwa kwenye gazeti. Sikuuliza ni nini. Jioni nikatazama kabati, nikaona kiango cha shati kitupu.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimepangiwa na shemeji. Yeye kushoto, mimi kulia. Shati langu lilimkaa vizuri, isipokuwa tumboni lilipwaya. Mhudumu akaleta chakula. Nilijua samaki ni wangu. Hata hivyo shemeji akanigeukia, akaniambia nichague kwanza.

Nikakataa. Sitaki huruma. Nikachukua samaki, yeye akabaki na kuku, na hakumgusa.

Tulipovuka futi elfu kumi akasema mzee ananisalimu. Akasema tena kwamba mzee anajua siri yake alimwambia mtu mmoja tu. Nikamjibu kwamba siku hizi watu hawana kifua. Akarudisha macho kwenye mitambo.

Baada ya hapo sikumbuki, maana nilisinzia. Ilikuwa safari ya tatu kwa leo. Niliposhtuka tulikuwa tumeshaanza kushuka. Simu zote za waongoza ndege alizijibu yeye, kazi zangu kazifanya zote, na koti lake lilikuwa magotini mwangu. Hataripoti, namjua. Anaiweka siri hii ili siku moja aitumie dhidi yangu.

Nimefikiria njia nzima mpaka nyumbani. Ratiba hizi zinaua. Tunaonewa, hasa sisi wa kulia. Kinachotakiwa ni chama, tena kinachoongozwa na mtu anayeijua kampuni ndani na nje. Nitakianzisha mimi. Vijana wana hasira ya kutosha, wanakosa tu wa kumwamini.

Kesho saa mbili nitamwona Rubani Mkuu, nimweleze kwamba kuna chama kipya kinanukia na kwamba najua kiongozi wake ni nani. Safari hii atanikaribisha kiti. Ila kwanza nipite kwa fundi.