Kiatu cha Kushoto Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, shajara yangu, kwa kukutupa mwezi mzima. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikiweka akiba, na kuweka akiba ni kazi inayommaliza mstaafu.

Nieleze. Katika duka la mitumba lililo nyuma ya kituo cha mabasi kila kitu ni rahisi. Kwa hiyo kadiri mtu anavyonunua, ndivyo anavyookoa. Hesabu iliyo wazi! Mpaka sasa nimeokoa darubini yenye jicho moja, mashine ya kukamulia machungwa isiyo na waya, na suti ya kupigia mbizi. Leo mke wangu ameviona vyote chini ya kitanda. Akauliza bahari iko upande gani wa nyumba. Nikamkumbusha kwamba maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mkaguzi wa mizani, najua uzito wa kila senti. Akasema ndiyo, huzipima vizuri sana, kisha huzitupa. Rahisi ni ghali, baba watoto.

Hukumu imetolewa mezani. Tangu leo nitanunua kwa akili. Kitu kimoja tu, kiwe kinahitajika kweli, nami nikingoje siku tatu kabla ya kukilipia, ili tamaa ipoe. Kinachohitajika kinajulikana. Jumamosi binti yetu anaolewa. Mimi ndiye wa kumshika mkono na kumwingiza ukumbini, na viatu vyangu pekee vya heshima vinacheka. Cha kulia kinacheka mpaka vidole vinaonekana. Mke wangu akaongeza kwamba vikiwa bado vinacheka siku hiyo, bibi harusi ataingizwa na mjomba wake.

Mjomba wake! Yaani shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mng'aro, kwa kuwa mtu anaweza kunyoa ndevu akijitazama katika viatu vyake. Binti yangu akanituliza: mjomba ni tahadhari tu, baba. Tahadhari! Kama ndoo ya mchanga wa kuzimia moto ukutani.

Jumanne, 4 Machi

Nimevipata! Vya kahawia, ngozi halisi, soli nzima kana kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa akitembelea mikono. Nimevijaribu. Miguu yangu imeingia kama watoto wanaorudi nyumbani.

Lakini siku tatu! Maana yake Ijumaa. Nikamwomba mwenye duka aniwekee. Akasema, mzee wangu, hapa si benki, anayelipa ndiye mwenyewe. Nikafikiri kuacha malipo kidogo ya awali, nikaona hiyo nayo ni kununua. Mimi ni mtu wa sheria.

Akili ikafanya kazi. Kiatu kimoja hakiuziki. Mwenye duka alipogeuka kumhudumia mteja wa mapazia, nikachukua cha kushoto nikakitia katika sufuria kubwa kwenye rafu ya juu ya vyombo. Sufuria haina mikono, ina mfuniko. Nani atanunua sufuria isiyo na mikono? Cha kulia nikakiacha palepale, upweke unilindie. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu akauliza nimenunua nini. Sikununua kitu! Akanigusa paji la uso.

Jumatano, 5 Machi

Nilipita dukani kuhakikisha tu. Nani nakutana naye kati ya makoti? Mng'aro! Yeye aliyesema mbele ya ukoo wote kwamba hawezi kuvaa nguo iliyokwisha kutoa jasho la mtu mwingine. Alishtuka kama kuku aliyekutwa jikoni. Akasema, ah, shemeji, napita tu, jirani anataka kitabu. Nikasema nami napita tu. Tukapitapita wote wawili kwa muda mrefu. Hakuna aliyetaka kutangulia kutoka. Mwishoni mwenye duka akatuambia kwamba njia ya kupita iko nje.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba! Cha kulia hakipo!

Siwezi kuuliza, maana nitajifichua. Haikuwa lazima kuuliza. Mwenye duka alikuwa akimlalamikia kila anayeingia. Juzi kimepotea cha kushoto, jana cha kulia. Anaamini kuna mwizi mwenye mguu mmoja, na kwamba safari ya kwanza alikosea upande. Tena ajabu, akasema, jana yule bwana wa viatu vinavyong'aa alimsumbua sana akitafuta cha kushoto, kisha akatulia ghafla.

Akatulia ghafla! Nikaelewa yote. Amekificha cha kulia mpaka cha kushoto kionekane. Hila yangu mwenyewe! Watu wengine hawana haya.

Jioni nikaenda kwake kumjulia hali. Nilimuuliza kama mguu wake wa kulia hauna shida siku hizi. Akajibu haujambo, akauliza wangu wa kushoto. Nikasema unaendelea vizuri. Mke wake akatuletea chai na kusema tuone daktari mapema. Tuliagana kwa heshima kubwa. Hakuna aliyelegeza.

Ijumaa, 7 Machi

Siku tatu zimetimia! Niliingia dukani kichwa juu, tamaa haijapoa hata kidogo. Nikatazama rafu ya juu. Tupu!

Mpishi wa mkahawa wa kona amenunua sufuria zote asubuhi, zenye mikono na zisizo nayo.

Nilikimbia. Miaka mingi sijakimbia. Nilimkuta mpishi jikoni, mwanamke mwenye mabega ya mbeba mizigo, na kiatu changu kimebanwa chini ya mlango wa nyuma ili usijifunge. Nikamweleza kwa utaratibu. Akasema haelewi kwa nini mtu mzima anapika viatu, lakini mlango ule ulimtesa mwaka mzima na sasa umetulia, kiatu hakitoi ng'o. Nikabembeleza. Nikamtajia harusi. Nikamtajia binti yangu. Hapo akalainika: basi niachie kingine cha kuziba pengo. Nikavua changu cha kushoto. Akakijaribu mlangoni, akasema hiki ni kizuri zaidi, kina mdomo, kinauma mlango vizuri.

Nikarudi dukani, kushoto mfalme, kulia mwombaji, nikakiri ili nilipe. Mwenye duka akashika kiuno. Kumbe mwizi wa mguu mmoja ana miguu miwili na mvi! Tena wako wawili, akasema, maana shemeji yako naye amekiri sasa hivi, akakilipia cha kulia peke yake na kuondoka nacho kwapani.

Peke yake! Nikalipia cha kushoto. Nikaenda kwa Mng'aro. Hauzi. Akanitaka nimuuzie changu. Siuzi! Mke wangu aliponiona mlangoni alitazama miguu yangu kwa muda, akasema sharti lilikuwa jozi. Nikasema nimetimiza nusu. Akasema hajawahi kuona nusu baba. Akaingia ndani. Usiku huu nimekaa kitandani na kiatu kimoja mapajani. Kweli nilitaka kumshika mkono mwanangu. Hilo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi binti yangu alikuja chumbani amevaa gauni lake, pana kama hema. Alikwisha kusimuliwa. Alicheka hadi mpambaji akamgombeza kwa sababu ya machozi. Kisha akamwita mjomba wake na kutupanga kama askari: baba kushoto, mjomba kulia, na miguu ya ndani yote iingie chini ya gauni.

Mng'aro, mwenye kabati zima la viatu vizima, alikuwa amevaa kimoja cha kahawia na kimoja cheusi, ili tu nisije nikasema ameshindwa! Na mimi, cha kahawia na kinachocheka. Lakini ukumbini walionekana wanaume wawili wenye viatu vya kahawia vya kupendeza, pande zote mbili za bibi harusi. Nusunusu, tukawa jozi. Katikati ya safari kiatu changu kikauma pindo la gauni, kikagoma kuachia. Ikabidi tutembee polepole mno, hatua za kitoto. Mama mkwe mtarajiwa alifuta macho. Alisema hajaona familia inayomsindikiza binti kwa unyenyekevu kama huo. Binti yangu alininong'oneza: shikilia hivyohivyo, baba, usiniachie. Sikumwachia.

Jumapili, 9 Machi

Nilipita dukani kumshukuru mwenye duka. Kushukuru tu. Kiti cha kinyozi! Chekundu, kinapanda na kushuka! Kinahitajika, kwani sote nyumbani tuna nywele. Nitakingoja siku tatu, kwa akili. Wenzo wake wa kupandishia nimeutia ndani ya mkoba wa kike usio na zipu. Nani atanunua kiti kisichopanda?

Ajabu moja: hakina pa kuwekea miguu. Mwenye duka anaapa kwamba asubuhi palikuwapo, na kwamba hakuna aliyeingia kabla yangu isipokuwa shemeji, aliyekuwa akipita tu.

Nitaandika mimi na shemeji tutakapoamua kiti ni cha nani.