Mwenye Chaki Anataka Vishale

Jumanne, 4 Novemba

Tumeshinda. Yaani wameshinda wao, mimi nimeandika. Mwaka wa nne huu nasimama kando ya ubao wa vishale katika Baa ya Mbweha, chaki mkononi, nikitoa alama za kila mrushaji kutoka mia tano na moja; anayetangulia kufika sifuri kamili ndiye mshindi. Kanuni ya mwandika alama ni moja: unautazama ubao, hugeuki. Kwa hiyo wenzangu siwaoni. Naona vishale vyao tu vikitua. Cha Glenys, nahodha wetu na mwenye baa, huja taratibu kama mtu anayetoka kitandani. Cha Trevor Shackleton hufyatuka na kupita karibu na sikio langu, nadhani kwa makusudi. Nyuma yangu watu wanacheka. Sijui wanacheka nini.

Baadaye ikapigwa picha ya timu ya kutundikwa ukutani. Wachezaji sita, mashati mekundu, majina mgongoni. Glenys akauliza nani ana mkono usiotetemeka. Wote wakanitaja mimi. Basi nikaipiga. Imetoka vizuri sana, imewaonyesha wote sita.

Nimerudi nyumbani na sandwichi mbili za yai zilizobaki, nimezifunga kwenye karatasi. Ni chakula cha kesho.

Jumatano, 5 Novemba

Habari njema! Ronnie, mmoja wa wale sita, anabadilishiwa nyonga. Maskini Ronnie. Nafasi moja iko wazi.

Nilimpigia Glenys kabla hata ya chai. Nikamwambia niko tayari kurusha. Akacheka kwa upendo, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Desmond baba, nikikupa vishale, chaki nampa nani? Trevor hawezi kutoa saba kwenye kumi bila kuvua viatu." Akasema mimi ni hazina ya timu. Hazina hufungiwa kabatini.

Nimetundika ubao kwenye mlango wa jikoni, nimefanya mazoezi mchana kutwa. Vishale thelathini. Kumi na moja ubaoni, vingine mlangoni, kimoja kwenye mkate. Bi. Duckworth wa nyumba ya pili akagonga ukuta, akauliza kama fataki za sherehe ya leo usiku zimeanza mapema hivyo. Nikajibu ndiyo. Tangu mke wangu Pauline ahamie Wales na fundi wa mifereji ya paa, hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi niliyofanya ndani ya nyumba hii.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata! Jawabu limenijia nikiosha kikombe. Shida yangu ni kwamba najua kazi. Mtu anayeharibu hesabu hapewi chaki, na asiyepewa chaki lazima apewe kitu kingine. Jumanne nitakosea. Kidogo tu, kwa heshima. Nimeshapima fulana ya zamani ya Pauline, ni nyekundu, nione rangi hiyo inanikaaje. Inanikaa.

Jumanne, 11 Novemba

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Tulicheza na Baa ya Reli. Mchezo wa mwisho, mambo sawa kwa sawa, zamu ya Trevor. Amebakiwa na mia moja ishirini na moja, akapiga themanini na tano. Jibu ni thelathini na sita. Mtoto analijua. Nikaandika arobaini, nikasubiri kelele.

Hakuna aliyekagua. Miaka minne, kumbe hawakagui!

Trevor akarudi mstarini, akakitupa kimoja tu, kikachomoka na kukita kwenye ishirini, pete ya nje, inayohesabiwa mara mbili. Arobaini. Ushindi. Nyuma yangu baa nzima ikalipuka, Trevor akanikumbatia kwa nyuma hadi chaki ikavunjika. Hakuwa amewahi kunigusa.

Ndipo nahodha wa Reli, Wilfred, mwembamba kama mwavuli uliofungwa, akasema hesabu si sawa. Na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, kwa sababu timu nzima ilisimama mbele yangu. Mbele yangu mimi! Trevor akamwambia, "Sikiliza mzee, huyu hakosei. Desmond akiandika arobaini, ni arobaini." Wilfred akatoa simu, akabonyeza. Simu ikasema thelathini na sita. Trevor akasema simu ni mbovu. Wakajaribu simu tatu. Trevor akasema zote ni za kampuni moja.

Ushindi ukafutwa, mchezo ukarudiwa, tukapigwa. Trevor hakunilaumu. Aliniangalia tu, kama mtu anayemwangalia baba yake akipotea njia ya kurudi nyumbani.

Glenys akanivuta kando ya kaunta. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni macho. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema ndiyo, ni macho, hasa la kushoto.

Sandwichi nilizisahau.

Jumatano, 12 Novemba

Nimelala vizuri kuliko nilivyostahili. Tukitazama kwa utulivu, mpango umefaulu. Chaki wameniondolea, Glenys amethibitisha kwa simu. Nikamuuliza sasa vipi nafasi ya Ronnie. Akasema, taratibu sana, kwamba mtu mwenye matatizo ya macho hawezi kupewa vishale ndani ya chumba chenye watu.

Hilo sikulifikiria.

Jumanne, 18 Novemba

Nilikwenda kutazama. Nafasi ya Ronnie kapewa shemeji yake Trevor. Nafasi yangu kapewa mashine, kioo bapa kilichofungwa ukutani, kinatoa hesabu chenyewe na kusema jumla kwa sauti ya mwanamke asiyechoka. Hakikosei. Kila mtu alikisifu, kisha akaniangalia na kushika glasi yake.

Nilikaa kwenye meza ya pembeni. Kwa mara ya kwanza nikaziona nyuso zao wakirusha. Trevor hutoa ulimi. Glenys hufumba jicho moja na kusema kitu chini kwa chini kabla kishale hakijaondoka, labda jina la mtu. Na nikajua walikuwa wakicheka nini miaka yote: kila anayekosa ubao huinama na kuwapa wenzake mkono mmoja mmoja, kama msibani. Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu, nimechelewa, wakageuka.

Saa mbili Glenys akaniletea koti. Akasema mwanga wa baa si mzuri kwa macho yangu, niende nikapumzike.

Nimewakosa. Niliwakosa nikiwa hatua tatu tu mbele yao, na sasa nawakosa nikiwa umbali wa mtaa mzima.

Ijumaa, 21 Novemba

Posta imeleta kadi! Ina picha ya sungura kitandani, na maneno ya kunitakia afya. Wote sita wametia sahihi, na Ronnie kutoka hospitali. Trevor ameandika mstari mzima: kwamba ile mashine haina mgongo wa kukumbatia, nami nipone upesi nirudi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeketi nikaisoma tena. Nimeiweka juu ya meko, mahali ilipokuwa saa ya Pauline.

Mtu mwingine angevaa viatu, akatembea dakika sita hadi Mbweha, akawaambia ukweli. Nimelitafakari hilo kwa muda wa birika moja kuchemka.

Lakini hebu fikiria. Jicho moja limeleta kadi. Macho mawili yataleta watu! Nimenunua biskuti za tangawizi na miwani myeusi. Nimeazima kiti cha pili kwa Bi. Duckworth, nimevipanga vikitazamana. Kesho asubuhi nampigia Glenys kumwambia kwamba na jicho la kulia linaanza. Na wasipokuja kwa ajili ya macho, bado nina masikio mawili.