Ombi la Kutopigiwa Hodi Siku ya Mtihani

Ikungi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba Mkubwa Mughwai,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
Shelui.

YAH: KUOMBA NYUMBA YETU ISIPIGIWE HODI JUMAMOSI ASUBUHI

Shikamoo Baba Mkubwa.

Naomba unisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Barua hii nilianza kuiandika yule kuku uliyetuletea akiwa bado hai. Tumeshamla, hata ladha yake tumeisahau, na barua ilikuwa bado iko kwenye salamu. Si dharau. Damari anaota meno, na kila nikishika kalamu anaitaka yeye. Nikimnyima analia, nikimpa anaitafuna. Leo amelala mgongoni, naandika nimesimama, kwa hiyo mwandiko ukiinama uuvumilie.

Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, na mambo ya vyuo vya nje siyajui. Ninachojua ni kwamba mwanao Chediel, mume wangu, amepata nafasi ya kwenda nje, nchi ya baridi, kusomea magonjwa ya mifugo. Wamemwambia njoo, ila kwanza ulete cheti cha mtihani wa Kiingereza. Mwezi huu ukiisha cheti hakijafika, nafasi anapewa mwingine. Hilo tu ndilo linaloniandikisha barua. Mengine yote ningeyavumilia kama ninavyovumilia haya meno.

Mitihani ya kuchagua ilikuwa mitatu. Wa kwanza unakwenda Dar es Salaam, unakaa meza moja na mtu, anakuuliza, unamjibu. Wa pili ni huko huko Dar, ila unaongea na kompyuta, na pembeni yako kuna wengine chumba kizima nao wanaongea na za kwao. Wa tatu unaufanyia nyumbani kwako, peke yako, mlango umefungwa, kamera inakutazama. Kikao chako kilichagua wa kwanza. Maneno yako nayakumbuka: "Mtu anaongea na mtu. Anayeongea peke yake chumbani huwa tunampeleka hospitali." Baba Damari akaitikia, maana kwa wakubwa anaitikia kila kitu. Akarudi nyumbani akachagua wa tatu, kwa sababu mimi na mtoto ndiyo kwanza tulikuwa tunainuka kutoka malaria na hakutaka kutuacha.

Yaliyotokea unayajua, ulikuwepo. Lakini kwa kuwa hii ni barua ya malalamiko, inabidi niyaandike kama vile huyajui.

1. Kwanza kabisa nalalamikia mlango. Sikulalamikii wewe, Mungu apishe mbali. Nalalamikia mlango wetu wa sebuleni, uliopigiwa hodi mara tatu ukashindwa kusema kwamba ndani kuna mtihani. Wewe umetoka Shelui, umeshuka kwenye basi na jua lile, kuku kwapani. Mimi nimempeleka mtoto kliniki. Unasikia sauti ya mwanao ndani, unapiga hodi, sauti inanyamaza, mtu haitiki. Mtu mwenye utu afikirie nini? Ukasukuma. Hata mimi ningesukuma.

Baba Damari alikuwa katikati ya kueleza picha ya wazungu wamepanda farasi. Alipokuona akainuka, akatoka mbele ya kamera, akainama, akakupa shikamoo yako. Ukamuuliza, "Unaongea na nani?" Akasema, "Na mtihani, Baba Mkubwa." Ukasema, "Mtihani gani huo usiokaribisha mgeni?" Kisha ukakaa kwenye kiti chake, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo, ukatulia pale na kofia yako na kuku wako, ukiitazama kompyuta. Naambiwa uliisalimia na haikuitikia. Hilo nalo nalilalamikia kwa niaba yako.

Majibu yalipokuja, waliandika kwamba mtihani umefutwa, kwa sababu mtahiniwa alitoka akaingia mwingine. Kuku hawakumtaja.

2. Nalalamikia malezi. Mngemlea Chediel vibaya kidogo tu, leo cheti angekuwa nacho. Kijana wa jirani yetu Philipo anampita mama yake kama anapita nguzo ya umeme. Yule angebaki kwenye kiti, angemaliza farasi wake na asingegeuza shingo. Lakini ninyi mmetulelea mtu ambaye nyumba ikiungua atamsalimia kwanza anayekuja na ndoo ya maji.

3. Mtihani wenyewe haukufikiria watu kama sisi. Jioni huwa namuuliza maswali ya kwenye kitabu cha mazoezi huku nasonga ugali. Namuuliza, elezea mji wenu kwa dakika mbili. Anajibu kwa Kiingereza, "Ni mzuri." Namwambia, bado muda upo, endelea. Ananiambia, "Mama Damari, nikiendelea nitakuwa najisifu." Namuuliza, wewe una maoni gani kuhusu vijana kuhamia mjini? Anasema ni vizuri kwanza kusikia wakubwa wanasemaje. Nimemwambia wale hawana wakubwa, wanataka yake yeye. Akaniangalia kama nimemtukana.

4. Watu wameshaanza kumuaga, na hajafaulu. Benson wa Mkiwa amekuja kuagiza simu, na rangi ameshachagua. Mama Magreth alikaa jikoni kwangu akalia mpaka nikaanza kulia naye, na safari yenyewe bado haijawa safari. Wanakwaya nao walipita, wakaimba, wakanywa chai. Kila anayekuja anapiga hodi. Kila hodi inaitikiwa na Baba Damari mwenyewe, hata akiwa na sabuni usoni.

5. Na sasa nasikia kikao kimekaa tena bila sisi, kikaamua aende Dar kwenye ule wa kuonana na mtu, asindikizwe na wazee watatu, na mmoja aingie naye ndani kumtambulisha kwa msimamizi. Nasikia mmoja huyo ni wewe. Baba Mkubwa, nimecheka nikiwa peke yangu, halafu nikaogopa, kwa sababu nakujua ungeingia kweli. Ila nafasi ya Dar iliyo karibu ni ya mwezi ujao, na mwezi ujao ni kuchelewa. Uliobaki ni huu wa nyumbani, Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita. Safari hii hautafanyika sebuleni, utafanyika chumbani kwetu, na nimeshahamisha kitanda.

Kwa hiyo, kwa heshima yote, naomba kikao chako kipitishe yafuatayo.

Shikamoo zote za Jumamosi zikusanywe Ijumaa jioni. Baba Damari yuko tayari kuzunguka nyumba hadi nyumba akazitoe mapema, za asubuhi na za mchana, ili kesho yake asidaiwe na mtu.

Mwenye shida ya chumvi, kiberiti, au ushauri wa ndama anayeharisha, aje Ijumaa au Jumapili. Punda wa jirani yetu Alute apelekwe malisho ya mbali. Jogoo wetu nitashughulika naye mwenyewe.

Mgonjwa yeyote wa ukoo aliyezidiwa tunamwombea sana avuke saa sita. Tukifiwa kabla ya hapo, naomba tupewe taarifa baada ya hapo, na mimi nitabeba lawama mbele ya watu wote.

Na wewe mwenyewe, Baba Mkubwa, nakuomba kwa magoti yote mawili usipande basi lolote linaloelekea huku. Ukijisikia kusafiri, Nzega nako ni kuzuri.

Kama haya yote ni mazito, basi lipo jepesi. Kikao kiwaandikie watu wa mtihani waongeze sehemu ya salamu. Kamera iwe inawashwa, aingie mzee na kuku, waangalie mtahiniwa anafanyaje. Atakayebaki amekaa, afeli. Hapo Chediel atapata zote, na wale wa huko ndio watatafuta walimu wa kuja kuwafundisha, na tutawachagulia sisi mtihani wa kufanya.

Msalimie Mama Mkubwa, msalimie Sara na wenzake wote hapo nyumbani, na Mzee Isaka anayekuletea barua hii umpe chai, maana amenisubiri mpaka amechoka kukaa. Sisi wazima. Damari anakupa shikamoo yake, ambayo kwa sasa ni kupiga kofi hewani.

Ni mimi mkwe wako mwenye kukuheshimu, sina nia mbaya ila nina haraka,

Yasinta, Mama Damari.

Nyongeza: Baba Mkubwa, usikisomee kikao barua hii. Tangu nishike kalamu leo wamepiga hodi watu wanne. Wote niliwaambia mlangoni kwamba Baba Damari ana kazi, wote wakasema "sisi siyo wageni," wakaingia. Nimemsimulia mwenyewe, akasema Jumamosi hata nikimfungia kwa kufuli, akisikia mtu mzima anaita nje atajibu; safari ile alijizuia kwa hodi tatu, ya nne hataiweza. Nimekaa nikafikiri sana. Hapa Ikungi mimi hakuna ninayeweza kumzuia mlangoni. Na mtu ambaye hawezi kupitwa bila kusalimiwa, na akishasalimiwa hamwachi mtu aondoke mpaka amalize habari zote za Shelui, namjua mmoja tu.

Njoo. Njoo Ijumaa, ulale hapa. Jumamosi utakaa nje mbele ya mlango, Damari mapajani, na kila atakayekuja utamaliza naye hapo hapo. Baba Damari akijua uliyepo nje ni wewe, na ameshakuamkia asubuhi, atatulia. Ndani usiingie. Hilo sibembelezi, hilo nakwambia.

Uje na hivi, maana hapa sina:

kigoda chako, viti vyetu ni virefu;
ile kofia, watu wakuone tangu barabarani;
Sara, anisaidie chai ya watu utakaowazuia;
mafuta ya alizeti, dumu dogo;
dawa ya meno ya mtoto, ile aliyotumia Mama Mkubwa kwa wajukuu;
na lile sweta lako zito la kuchungia asubuhi za Juni. Si la Damari. Nataka kulipima kwa baba yake, nijue kama mikono itamfika.