Biblia Juu ya Trei

Jumatatu, 8 Septemba

Iftin anahamia Wajir. Kiti chake cha kusimamia vibali vya kusafirisha mifugo kiko wazi, na Bosi Abdihafid anasema anataka mtu mcha Mungu. Mimi huyo! Nimeleta ofisini Biblia kubwa ya marehemu mama na kuifungua juu ya trei yangu ya karatasi, mahali ambapo bosi hapiti bila kuiona.

Saa saba wenzetu wakaenda msikitini. Tukabaki Wakristo wawili, mimi na Ndunge, na foleni mpaka getini. Ndunge akawahudumia huku akitabasamu. Mimi damu inachemka. Halafu wazo! Nikamwendea bosi, nikamwambia kwa sauti ya unyonge kwamba imani yangu inadhoofika kwa kukosa muda wa sala. Akasikitika sana. Nimepewa stoo, nusu saa, kila siku saa nne. Usingizi wa serikali!

Jumanne, 9 Septemba

Saa nne kasoro. Mzee Bishar, askari wa getini, amesimama mezani kwangu na birika la maji ya kutawadha. Nikamweleza sisi hatuoshi miguu kabla ya kuomba. Akanitazama kwa huruma hata nikaona haya. Nikaosha. Yote miwili.

Stooni nikajilaza juu ya magunia. Dakika kumi hazijaisha, hodi. Bishar anauliza mbona hasikii sala. Nikasema ni ya kimya. Akasema ya kimya haikoromi.

Jumatano, 10 Septemba

Dawa ya Bishar nimeipata. Nikafungulia kwenye simu mahubiri ya mchungaji mmoja mwenye sauti nzito, nikalala. Loo! Katikati ya mahubiri likaingia tangazo la magodoro. Bishar akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama magodoro nayo ni sehemu ya ibada yetu.

Foleni imezidi. Ndunge anafanya kazi yake na yangu. Anakitaka kiti yule, namjua.

Alhamisi, 11 Septemba

Mlangoni mwa stoo nimekuta mama mmoja. Weris, mfugaji kutoka Modogashe. Bishar kamwambia humu kuna mtu wa kuomba.

"Karatasi yangu imelala hapa tangu Jumatatu," akasema. "Mbuzi iko kwa boma ya watu, haina majani. Mbili imekufa. Wewe omba Mungu, karatasi itoke."

Sikulala. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikaomba kweli, jasho likinitoka, nikijua mama wa watu amesimama nje juani. Niliporudi mezani nikainua Biblia nimtafutie mstari wa kumtia moyo. Chini yake, karatasi ya Weris! Tangu Jumatatu!

Aibu iliyonishika siwezi kuiandika. Ndunge aliona. Akaichukua, akaigonga muhuri, akampelekea Weris mwenyewe pamoja na maji ya kunywa. Kisha akarudi kwenye foleni. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 12 Septemba

Weris alimwambia bosi kwamba niliomba na karatasi ikatoka papo hapo. Asubuhi nikaitwa. Bosi hakuuliza karatasi ilikuwa wapi, nami sikutaka kumsumbua kwa maelezo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndugu Musyimi, sala zako zina nguvu," akasema. "Wewe endelea kuomba. Kiti nimempa Ndunge, yeye afanye kazi."

Bishar, aliyekuwa mlangoni, alishikwa na kikohozi kirefu.

Nimewaza mchana kutwa nilikosea wapi. Sasa nimegundua. Meza ya Iftin, ambayo sasa ni ya Ndunge, iko mbali na yangu, na bosi akisimama kule, Biblia ya mama haioni vizuri. Jumatatu naleta kubwa zaidi.