Pongezi kwa Katumba Songwe kwa Kutopoteza Umeme

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu Tarafa, uliyewakilishwa, Wachungaji wetu, Muuguzi wa zahanati, Bibi Tusekile, wafanyabiashara mlioahirisha kuvuka mpaka wa Kasumulu kwa ajili yangu, wakulima wa mpunga na kokoa, itifaki imezingatiwa, maana niliiandaa mimi. (Makofi.)

Nikiwa Kaimu Mratibu wa Kampeni ya Kudhibiti Stendibai, nimekuja kuwatambulisha adui aliyeingia na soko huria, yaani ile taa ndogo nyekundu inayobaki ikiwaka kwenye televisheni na redio kaseti baada ya mwenye nyumba kuzima na kwenda kulala, ikinyonya umeme wa taifa kimyakimya. (Watu wanatazamana.) Kule mjini, katika upembuzi yakinifu nilioungoza mwenyewe kwa posho ya kawaida tu, kila nyumba tuliikuta na hatia, na ya kwangu ikiwemo.

Lakini hapa kwenu nimepita kwa Mzee Nsajigwa, nikakuta televisheni aliyoivusha kutoka Malawi imefunikwa kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki juu yake, waya umeviringishwa vizuri, na haijawashwa tangu siku aliyoinunua. (Mzee Nsajigwa anasimama kusema neno, anaketishwa.) Nyumba ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Upotevu wenu ni asilimia sifuri, ufanisi asilimia mia, na kwa unyenyekevu mkubwa nasema mafanikio haya yametokana na uongozi wangu.

Bibi Tusekile ameniuliza, kwa heshima zote, lini chumba cha kujifungulia kitapata taa, kwani juzi alimzalisha Keziya huku mama mkwe wake ameshika koroboi, upepo ukaizima mtoto akiwa njiani, wakamalizia kwa kupapasa. Swali limepokelewa. Kitaalamu ni kwamba nguzo zenu za umeme tumezielekeza mtaani kwangu, kwa wapotezaji, ili kampeni ipate watu wa kuwaelimisha.

Stendibai, zima! Katumba Songwe, mfano! (Sauti chache.)

Namalizia kwa kusema ndaga fijo, asanteni sana, kwa kuutunza umeme ambao hatujawahi kuwaletea, na ambao, kwa sifa nzuri namna hii, sioni sababu ya kuwaletea. (Makofi ya meza kuu. Bibi Tusekile ameitwa zahanati. Anapita katikati ya watu akiuliza nani ana mafuta ya taa.)